Uchumi wa Nollywood

Uchumi wa Nollywood ni jumla ya shughuli za kiuchumi zinazotokana na utengenezaji, usambazaji na uoneshaji wa filamu na tamthilia za televisheni nchini Nigeria. Jina "Nollywood" lilienea duniani baada ya kutumiwa na gazeti la New York Times mwaka 2002. Kwa maana finyu linataja filamu za kusini mwa nchi, hasa zile za Kiingereza, Kiigbo na Kiyoruba. Filamu za Kihausa za kaskazini huitwa Kannywood, kutokana na mji wa Kano, na jina hilo lilitangulia kidogo lile la Nollywood. Katika makala hii jina Nollywood linahusu tasnia nzima ya nchi.

Kwa idadi ya filamu, Nigeria ni kati ya nchi zinazoongoza duniani. Taasisi ya Takwimu ya UNESCO ilitangaza mwaka 2009 kwamba katika mwaka 2006 Uhindi ilitengeneza filamu 1,091, Nigeria 872 na Marekani 485. Filamu za Nigeria zilizohesabiwa zilikuwa karibu zote za video, si za kuoneshwa kwenye kumbi za sinema.

Thamani ya tasnia hiyo kwa fedha ni ngumu zaidi kupima kuliko idadi ya filamu. Kwa miaka mingi mauzo yalifanyika sokoni kwa fedha taslimu na bila hesabu za kuaminika, tena watazamaji wengi waliona nakala ambazo mtengenezaji hakulipwa kitu. Kwa sababu hiyo thamani ya Nollywood kwa taifa na mapato ya watu wanaoitengeneza ni mambo mawili tofauti, ingawa mara nyingi huchanganywa.

Asili

Televisheni ilianza Nigeria tarehe 31 Oktoba 1959 mjini Ibadan, chini ya serikali ya Jimbo la Magharibi. Katika miaka ya 1970 vituo vya majimbo viliunganishwa kuwa shirika moja la taifa, NTA. Tamthilia zake, kama vile "The Village Headmaster", ziliwafunza kazi waandishi, waongozaji, wapiga picha na waigizaji wengi ambao baadaye waliingia katika filamu za video.

Wakati huohuo waongozaji kama Ola Balogun na Hubert Ogunde walitengeneza filamu kwa ajili ya kumbi za sinema. Filamu za seluloidi zilikuwa ghali: mikanda ilinunuliwa nje ya nchi, na kazi ya kuisafisha ilifanyika Ulaya, yote kwa fedha za kigeni. Mwaka 1986 Nigeria ilianza mpango wa kurekebisha uchumi, na thamani ya naira ikaporomoka. Gharama ya seluloidi ikawa kubwa mno kwa watayarishaji wengi. Kutokana na uhalifu wa usiku mijini watu walipunguza kwenda sinema, na kumbi nyingi zikageuzwa kuwa makanisa au maghala.

Video ilijaza pengo hilo. Vikundi vya maigizo vya Wayoruba vilianza kurekodi michezo yao kwa kamera za video mwishoni mwa miaka ya 1980. Filamu inayotajwa kwa kawaida kuwa mwanzo wa tasnia yenyewe ni "Living in Bondage" ya mwaka 1992, iliyotengenezwa kwa lugha ya Kiigbo na kuongozwa na Chris Obi Rapu. Mwenye mtaji alikuwa Kenneth Nnebue, mfanyabiashara wa vifaa vya elektroniki na kanda. Husimuliwa kwamba alikuwa na shehena ya kanda tupu, akaona zingenunuliwa haraka zaidi zikiwa na hadithi ndani yake. Filamu ikauzika sana, na wafanyabiashara wengine wakafuata.

Mwanzo huo uliathiri muundo wa tasnia kwa muda mrefu. Nollywood haikujengwa kwa ruzuku ya serikali, mikopo ya benki wala misaada ya kutoka nje. Ilijengwa na wauzaji wa bidhaa, na filamu ilitendewa kama bidhaa nyingine dukani: itengenezwe kwa gharama ndogo, iuzwe upesi, na faida iingizwe katika filamu inayofuata.

Biashara ya kanda

Tangu katikati ya miaka ya 1990 hadi miaka ya 2000 biashara iliendeshwa kutoka masoko machache makubwa: Idumota mjini Lagos, barabara ya Iweka mjini Onitsha, na mji wa Aba. Wafanyabiashara wa huko walifanya kazi tatu kwa pamoja. Walitoa mtaji, waliamua hadithi ipi na mwigizaji yupi atauza, kisha wakanakili kanda na kuzisambaza kwa wachuuzi wa nchi nzima. Filamu ilipigwa kwa siku chache, mara nyingi chini ya wiki mbili, kwa bajeti ya makumi ya maelfu ya dola za Marekani au pungufu.

Mapato yalitegemea kasi. Msambazaji alikuwa na wiki chache za kuuza kabla nakala haramu hazijajaa sokoni, na katika wiki hizo ilimlazimu kurudisha gharama zote na kupata faida. Ndiyo sababu mojawapo ya filamu kutoka kwa wingi, kila wiki zikiwa mpya, na ya hadithi moja kugawanywa katika sehemu ya kwanza na ya pili zilizouzwa kila moja peke yake.

Nguvu ya wasambazaji ilionekana wazi mwaka 2004, walipokubaliana kutowapa kazi kwa muda waigizaji kadhaa mashuhuri, akiwemo Genevieve Nnaji, kwa madai kwamba malipo yao yamepanda mno. Mwigizaji aliyejulikana bara zima aliweza kukosa kazi, kwa kuwa njia ya kumfikia mnunuzi ilikuwa mikononi mwa wachache. Wengi wa waigizaji na waandishi walilipwa mara moja tu, filamu ilipopigwa. Mirabaha, yaani malipo ya baadaye kila kazi inapouzwa au kuoneshwa tena, ilikuwa nadra.

Ajira

Hudaiwa mara nyingi kwamba Nollywood imeajiri watu zaidi ya milioni moja, na kwamba ni ya pili kwa ajira nchini baada ya kilimo. Dai hilo limerudiwa katika ripoti nyingi, lakini maana yake hutegemea ni nani anayehesabiwa. Wachumi hutofautisha ngazi tatu:

Ajira ya moja kwa moja ni ya watu wanaotengeneza filamu yenyewe: waandishi, waongozaji, waigizaji, wapiga picha, mafundi wa sauti na taa, wapambaji na wahariri.

Ajira isiyo ya moja kwa moja ni ya wanaowauzia hao bidhaa na huduma: mafundi cherehani, wapishi, madereva, wenye hoteli, wenye nyumba zinazokodishwa kwa ajili ya kupigia filamu, na wauzaji wa mafuta ya jenereta. Kundi la mwisho si dogo, kwa kuwa umeme hukatika mara kwa mara na karibu kila kikundi cha filamu huhitaji jenereta yake.

Ajira ya kuchochewa hutokana na matumizi ya makundi hayo mawili, wanapolipa kodi ya nyumba, ada za shule na mahitaji ya sokoni.

Ukijumlisha ngazi zote tatu pamoja na wachuuzi wa kanda, idadi huwa kubwa sana. Ukihesabu wenye mkataba wa kazi wa mwaka mzima, huwa ndogo sana. Wafanyakazi wengi wa filamu hulipwa kwa siku au kwa kazi, bila bima wala akiba ya uzeeni, na wengi wana kazi nyingine pembeni.

Manufaa hayakubaki Lagos pekee. Mji wa Asaba, ulio ng'ambo ya mto Niger ukitazamana na Onitsha, ulipata umaarufu kama mahali pa kupigia filamu kwa sababu gharama zake ni nafuu kuliko za Lagos na uko karibu na wasambazaji. Enugu nao ulifaidika vivyo hivyo. Kano ulijenga soko lake la filamu za Kihausa, ingawa kanuni kali za udhibiti zilizokuja na sheria za Kiislamu baada ya mwaka 2000 zilisimamisha au kuhamisha kazi kwa vipindi.

Kipimo katika pato la taifa

Mchango wa tasnia katika pato la taifa hupimwa kwa thamani iliyoongezwa, yaani mauzo yake ukiondoa bidhaa na huduma zilizonunuliwa kutoka sekta nyingine. Mafuta ya jenereta, kwa mfano, huhesabiwa katika biashara ya mafuta, si katika filamu. Kwa hiyo jumla ya mauzo haiwezi kuchukuliwa kuwa mchango wa tasnia katika pato la taifa.

Hadi mwaka 2014 takwimu za Nigeria zilitumia mwaka 1990 kama mwaka wa msingi. Mwaka huo simu za mkononi hazikuwepo, wala "Living in Bondage" haikuwa imetengenezwa, na hivyo sekta hizo hazikupewa uzito wowote wa maana. Tarehe 6 Aprili 2014 serikali ilitangaza hesabu mpya zenye msingi wa mwaka 2010. Pato la taifa la mwaka 2013 lilipanda kwa asilimia 89 hadi takriban dola bilioni 510, na Nigeria ikaipita Afrika Kusini kuwa uchumi mkubwa kuliko wote barani. Filamu na muziki, zilizowekwa katika fungu moja, zilitajwa kuchangia takriban asilimia 1.4.

Tangazo hilo lilikuwa na faida halisi. Kwa mara ya kwanza benki na wizara zilikuwa na namba rasmi iliyoitaja filamu kama sekta ya uchumi. Lakini hesabu mpya haikumwongezea mtu yeyote kipato, kwa sababu ilirekodi tu shughuli ambazo tayari zilikuwepo. Aidha, sehemu ya muziki na sehemu ya filamu zilipochanganywa, magazeti mengi yaliandika fungu lote kama thamani ya Nollywood peke yake.

Takwimu zinazonukuliwa zahitaji kusomwa kwa uangalifu. Imeandikwa mara nyingi kwamba mwaka 2016 sekta ya sanaa na burudani ilichangia asilimia 2.3 ya pato la taifa, yaani naira bilioni 239. Namba hizo mbili haziwezi kuwa kweli kwa pamoja. Pato la taifa la mwaka huo lilizidi naira trilioni 100, na asilimia 2.3 ya kiasi hicho ni zaidi ya naira trilioni 2. Naira bilioni 239 ni karibu asilimia 0.2 tu.

Uharamia

Unakili haramu ndio hasara inayotajwa zaidi. Kadirio lililoenea, linalohusishwa na Benki ya Dunia, husema kwamba kwa kila nakala halali iliyouzwa zilikuwepo tisa haramu. Soko la Alaba mjini Lagos, maarufu kwa vifaa vya elektroniki, lilijulikana pia kama kituo kikuu cha nakala hizo. Diski zenye filamu nyingi kwa pamoja ziliuzwa kwa bei ya filamu moja.

Hata hivyo uhusiano wa uharamia na tasnia si wa hasara tupu. Mitandao ya watu waliokuwa wakinakili filamu za Uhindi, Hong Kong na Marekani ndiyo iliyowazoesha Wanigeria kununua video, na ndiyo iliyoweka mashine za kunakili na njia za kusafirisha kanda hadi miji midogo. Filamu za nyumbani zilipita katika njia hizohizo. Nakala haramu ndizo pia zilizoitangaza Nollywood nje ya mipaka. Tatizo ni kwamba mtandao uliomfikia kila mtazamaji haukuwa na namna ya kumrudishia mtengenezaji fedha.

Televisheni, sinema na intaneti

Tangu miaka ya 2000 zimetokea njia tatu mpya za kuingiza mapato.

Ya kwanza ni televisheni ya kulipia. Mwaka 2003 kampuni ya M-Net ya Afrika Kusini ilianzisha chaneli ya Africa Magic, iliyoonesha filamu za Nigeria katika nchi nyingi za Afrika. Watayarishaji walipata mnunuzi wa uhakika wa haki za kuonesha, ingawa walilalamika kwamba bei ilikuwa ndogo, kwa kuwa mnunuzi mkubwa alikuwa mmoja. Baadaye chaneli hizo zilianza kuagiza tamthilia mpya zenye vipindi vingi, ambazo huwapa wafanyakazi kazi ya miezi badala ya siku.

Ya pili ni kumbi za kisasa za sinema. Kampuni ya Silverbird ilifungua sinema katika jengo la maduka mjini Lagos mwaka 2004, na kampuni nyingine zikafuata. Filamu kama "The Figurine" ya Kunle Afolayan (2009) zilionesha kwamba filamu yenye bajeti kubwa zaidi inaweza kuanza kwenye ukumbi. "The Wedding Party" ya mwaka 2016 ilipata zaidi ya naira milioni 400. "A Tribe Called Judah" ya Funke Akindele, iliyotoka Desemba 2023, ikawa filamu ya kwanza ya Nigeria kuvuka naira bilioni 1 katika kumbi za nchini.

Rekodi hizo zina pande mbili. Kati ya filamu hizo mbili naira ilishuka thamani sana, hasa baada ya Juni 2023. Naira milioni 400 za mwanzoni mwa mwaka 2017 zilikuwa zaidi ya dola milioni 1.2 kwa kiwango rasmi, na naira bilioni 1 za mwanzoni mwa Januari 2024 zilikuwa karibu dola milioni 1.1. Mtayarishaji anayenunua kamera na programu za kuhariri kwa dola hakuona ongezeko kubwa kama lile la magazetini. Isitoshe, mapato ya tiketi si ya mtayarishaji peke yake: hukatwa kodi ya ongezeko la thamani, ambayo ni asilimia 7.5 tangu mwaka 2020, kisha ukumbi huchukua sehemu kubwa na msambazaji naye huchukua kamisheni yake. Kumbi zenyewe ni chache. Nchi yenye watu zaidi ya milioni 200 ina skrini mia chache tu, nyingi zikiwa katika miji mikubwa, na bei ya tiketi ni kubwa kwa watu wa kipato cha chini ambao ndio waliokuwa wanunuzi wa kanda.

Ya tatu ni intaneti. Jason Njoku alianza kwa kuweka filamu YouTube, kisha mwaka 2011 akaanzisha iROKOtv, ambayo wateja wake wengi walikuwa Wanigeria waishio Ulaya na Marekani. Mwaka 2018 Netflix ilinunua "Lionheart", filamu ya kwanza iliyoongozwa na Genevieve Nnaji, yuleyule aliyekuwa amenyimwa kazi na wasambazaji miaka kumi na minne kabla. Kampuni hiyo ilieleza mwaka 2023 kwamba tangu 2016 ilikuwa imetumia zaidi ya dola milioni 20 kwa filamu na tamthilia za Nigeria, wakati Afrika Kusini ilipata zaidi ya dola milioni 120. Amazon Prime Video ilijitangaza rasmi Nigeria mwaka 2022, lakini Januari 2024 ikasimamisha kuagiza kazi mpya barani Afrika. Watayarishaji waliokuwa wamepanga bajeti kwa kutegemea mnunuzi huyo walilazimika kutafuta njia nyingine, na wengi wamerudi YouTube, ambako malipo hutokana na matangazo.

Serikali

Shirika la Filamu la Nigeria lilianzishwa mwaka 1979 na makao yake yapo Jos. Bodi ya udhibiti wa filamu na video iliundwa mwaka 1993. Misaada ya fedha ilikuja baadaye: mwaka 2010 serikali ya Rais Goodluck Jonathan ilitangaza mfuko wa mikopo wa dola milioni 200 kwa sanaa na burudani, na mwaka 2013 mpango wa naira bilioni 3 kwa ajili ya filamu, mafunzo na usambazaji.

Watayarishaji wengi hawakuweza kutumia mikopo hiyo, kwa sababu benki zilidai dhamana kama nyumba au ardhi, wakati mali kuu ya mtayarishaji ni haki ya kazi yake. Haki hiyo haikubaliki kirahisi kama dhamana pale ambapo hakuna hesabu za mauzo zinazoaminika. Sheria mpya ya hakimiliki, iliyosainiwa mwaka 2023, inahusu pia kazi zinazosambazwa kwa intaneti na inaongeza adhabu kwa wanaonakili bila ruhusa.

Athari nje ya Nigeria

Sehemu ya thamani ya Nollywood haionekani katika hesabu za Nigeria hata kidogo. Katika Afrika ya Mashariki filamu za Kinigeria ziliuzwa kwa diski, zikaoneshwa katika vibanda vya video, mabasi ya masafa marefu na vituo vya televisheni. Mjini Kinshasa wasimulizi walizitafsiri kwa Kilingala juu ya sauti ya awali. Wenye vibanda na wasimulizi walipata riziki, lakini fedha chache sana zilirudi Lagos.

Katika Tanzania mfano huo ulichangia kukua kwa Bongo Movie, ambayo nayo ilijengwa juu ya video ya gharama nafuu, wasambazaji wachache wenye mtaji, na mauzo ya diski. Mwigizaji Steven Kanumba (1984–2012) alishirikiana na waigizaji wa Nigeria katika filamu kama "Dar to Lagos" (2006). Soko la diski lilipodhoofika, watengenezaji wa Tanzania walikutana na swali lilelile la Nigeria: watazamaji wapo, ila njia ya kukusanya fedha zao haipo, au iko mikononi mwa wengine.

Tathmini

Nollywood imeonesha kwamba tasnia ya filamu inaweza kukua bila mtaji mkubwa wala msaada wa serikali, mradi iwe na hadithi ambazo watu wanataka kuziona. Imeonesha pia mpaka wa ukuaji wa namna hiyo. Katika kila kipindi, yaani cha kanda, cha king'amuzi, cha ukumbi na cha intaneti, sehemu kubwa ya mapato imebaki kwa anayeshika njia ya kumfikia mtazamaji, na mtengenezaji amepata kilichosalia. Kwa hiyo wachambuzi wengi huona kwamba kuongeza idadi ya filamu hakutoshi. Kinachohitajika zaidi ni mikataba iliyoandikwa, mauzo yanayoweza kukaguliwa, na malipo yanayomfuata mwandishi na mwigizaji kila kazi yao inapooneshwa.

Tazama pia

Nollywood
Bongo Movie
Pato la taifa
Hakimiliki